Walimu Waliovuka Bahari

Kwetu Kambarage, hapa Shinyanga mjini, kijana akishamaliza kidato cha nne huulizwa swali moja kijiweni: "Sasa unaelekea wapi?" Majibu si mengi. Wapo wanaokwenda Geita na Kahama kufuata dhahabu. Wapo wanaokwenda kubahatisha kule Mwadui kwenye almasi. Na wapo wanaokaa tu, wakisubiri mjomba wa Dar apige simu. Lakini siku hizi lipo jibu jingine: kwenda majuu kufundisha ung'eng'e.

Mshikaji wangu mmoja aliniletea tangazo la kazi ya namna hiyo, la huko Korea Kusini. Mshahara mnono, nyumba ya bure, na tiketi ya ndege juu yake. Tulilisoma wote wawili kama watu wanaosoma barua ya posa. Tulipofika chini tukakuta sharti: mwombaji awe na shahada, na awe raia wa moja ya nchi saba. Nchi zenyewe ni Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Baadaye tukaja kujua kwamba sharti hilo halikutungwa na mwenye tangazo. Ndiyo kanuni ya viza ya walimu wa lugha ya nchi ile, na imekuwapo kwa miaka mingi.

Mshikaji akakunja karatasi akasema, "Kwa hiyo miaka minne ya kusoma hesabu, baiolojia na jiografia kwa Kimombo ilikuwa ya nini?"

Sikuwa na jibu. Lakini swali lake lilinikaa kichwani, nikaanza kutafuta katika vitabu. Nilitaka kujua kama kweli hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kuvuka bahari kwenda kufundisha lugha. Nilichokikuta kilinishangaza. Watu wa kwetu walivuka zamani sana, zaidi ya miaka 130 iliyopita. Ila lugha waliyoitiwa kufundisha haikuwa Kiingereza. Ilikuwa Kiswahili.

Mwaka 1887 Wajerumani walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za mashariki. Walikuwa wanajiandaa kututawala, na mtawala asiyejua lugha ya anaowatawala atamtozaje mtu kodi? Wakahitaji wenye lugha yao. Miongoni mwa walioitwa mapema ni Amur bin Nasur kutoka Unguja, aliyefundisha huko tangu 1891 hadi 1895. Alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zikachapishwa Ujerumani mwaka 1894. Angalia tarehe hiyo vizuri, wewe unayetaka kuwa mwandishi. Shaaban Robert alikuwa bado hajazaliwa.

Mwaka 1900 akafika mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, mwenye elimu ya dini. Wanafunzi wake walikuwa maofisa na watu wengine waliokuwa wakijiandaa kuja kufanya kazi katika koloni. Hebu piga picha: Mwafrika amesimama mbele ya darasa, Wajerumani wamekaa kwenye madawati, wanarudia anachosema. Ngeli za Kiswahili ziliwapa taabu kama vitenzi vya Kiingereza vinavyotupa taabu sisi.

Lakini usidhani alikuwa anakula raha. Baadhi ya wanafunzi hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi, naye alikuwa mtu wa kudai heshima yake. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mambo yakazidi kuwa mabaya. Mwaka 1905 aliacha kazi, akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Serikali ya kikoloni haikukubali ndoa ya mtu mweusi na mwanamke mweupe ikae machoni pa watu Dar es Salaam. Mtu wa Bagamoyo akakataliwa kuishi na mkewe katika nchi aliyozaliwa! Ikabidi warudi Ujerumani. Baadaye alipata tena kazi ya lugha, Hamburg, tangu 1909 hadi 1913, na alifariki mwaka 1927 akiwa bado huko ughaibuni.

Kabla ya hapo alikuwa ameandika. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903 kwa sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Humo mna unyago, harusi, mazishi, ngoma, utani, na maisha yote ya mrima. Lakini jina lililopamba jalada lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981 ndipo jina la Mtoro likawekwa wazi kwenye anwani. Miaka 78! Kila nikifikiria jambo hilo napata hasira kidogo, halafu napata moyo. Hasira kwa sababu alinyang'anywa jalada. Moyo kwa sababu maneno yake hayakufa.

Wa tatu ni habari ya majonzi. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la Kijerumani. Vita vya Kwanza vilimkuta mtoto, na mtoto hivyo hivyo akatumika jeshini. Mwaka 1929 alikuwa Berlin, akidai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Hawakumlipa. Akafanya kazi ya kuhudumia wateja katika jumba moja la starehe, na tangu 1931 akawa pia msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu. Tena aliigiza katika filamu. Manazi walipokamata nchi maisha yakabana. Mwaka 1935 alifukuzwa kule kwenye jumba la starehe, na mwaka 1941 akaachana na chuo. Mwaka huo huo alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 lipo jiwe dogo lenye jina lake katika barabara ya Berlin, mbele ya mahali alipokuwa akiishi.

Sasa utaniuliza: na Kiingereza je? Hakuna wa kwetu aliyekwenda kukifundisha?

Yupo, tena kwa wenyewe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Baada ya mapinduzi ya 1964 na misukosuko yake, alikimbilia Uingereza akiwa kijana mdogo mwishoni mwa miaka ya 1960. Lugha aliyonyonya kwa mama ni Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifundisha Chuo Kikuu cha Bayero, Kano, nchini Nigeria, kisha akawa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi hadi alipostaafu. Yaani mtoto wa Unguja akiwafundisha Waingereza vitabu vya Kiingereza. Mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Hakupitia njia ya nchi saba. Alipitia njia ndefu ya kusoma.

Na upande wa Kiswahili msafara haukukatika. Euphrase Kezilahabi, wa Ukerewe, jirani yetu wa ziwani, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, akachukua shahada ya juu Marekani, na tangu miaka ya 1990 akafundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Said Ahmed Mohamed wa Pemba, mwandishi wa Utengano, alifundisha Osaka huko Japani na Bayreuth huko Ujerumani. Japani, ndugu yangu! Si mbali na ile Korea iliyotufungia mlango.

Lazima pia tuseme ukweli kuhusu Kiingereza chetu. Tangu 1967 shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, halafu sekondari mtoto anaruka ghafla kwenye Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima wakaona wanafunzi wengi wa sekondari hawakijui kiasi cha kuweza kusomea masomo mengine. Nami nikikumbuka tulivyokariri notisi bila kuelewa, siwezi kubisha. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kuhamia Kiingereza shuleni, macho yake yalielekea zaidi Uganda na Kenya kutafuta msaada. Mwaka 2022 ikapokea walimu kutoka Zimbabwe, kwa mapatano ya serikali mbili. Sisi ni majirani wa mpaka, lakini hatukuwa wa kwanza kukumbukwa.

Je, tukate tamaa? Hapana. Ila tuache kujidanganya. Historia inatuonyesha mambo mawili. Kwanza, lugha tunayoidharau kijiweni kwa sababu kila mtu anaijua ndiyo iliyowavusha bahari wazee wetu, na bado inavusha. Lakini kuisema si kuijua. Mzungu akikuuliza kwa nini tunasema "mti umeanguka" na si "mti imeanguka", utamjibu nini? "Ndivyo tulivyozoea"? Hilo si jibu la mwalimu. Pili, lugha peke yake haikumlinda mtu. Mtoro aliitwa kwa sababu ya ulimi wake, lakini wengi hawakutaka kumwona mtu mzima mwenye ulimi huo. Anayekwenda ng'ambo leo aulize mkataba, aulize viza, aulize haki zake, kabla ya kuuliza kama nyumba ina friji.

Mtaa wetu unaitwa Kambarage, jina la mwalimu aliyekwenda Edinburgh mwaka 1949 akarudi na shahada yake mwaka 1952. Huyo alikijua Kiingereza barabara. Na kwa sababu alikijua, mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar wa Shakespeare, ili Waswahili waisome kwa lugha yao.

Mshikaji wangu nilimsimulia yote haya. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwazime kitabu cha sarufi. Nimempa. Hajarudisha hadi leo, na safari hii simdai.