Nani Alipinda Mgongo Wangu? Historia Fupi Kabla Hujalaumu Mtungi

Wasee, nilikuwa form two huku Nyamira wakati fundi wa kushona uniform alinipima akauliza, "Mbona bega moja liko juu?" Kesi ikaanza nyumbani. Mama alilaumu begi la vitabu. Magokoro akalaumu mitungi ya maji. Jirani yeye alinong'ona kuhusu "mambo ya usiku", na hapa Gusii neno kama hilo si mchezo. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa madai ya uchawi. Mgongo wangu ungeweza kumtafutia mtu kifo.

Ndio maana nilianza kuchimba historia yake.

Jina skoliosisi ni la Kigiriki. Hippocrates aliandika kuhusu migongo iliyopinda zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na alikuwa akiwanyoosha wagonjwa kwa kuwavuta. Karne ya 16, Mfaransa Ambroise Paré aliwavalisha fulana za chuma. Baadaye Wazungu nao walilaumu vile watoto wanakaa shuleni. Kumbe mama yangu hakuwa peke yake!

Halafu kuku wakaingia. Mwaka 1959, mtafiti Mfaransa, Thillard, alitoa tezi ya pineali kwenye ubongo wa vifaranga. Hiyo tezi ndogo hutoa melatonini, homoni ya usiku. Migongo ya vifaranga ikapinda. Miaka ya 1990, Machida wa Japani alifanya hivyo kwa panya: wale waliofanywa watembee kwa miguu miwili walipinda, wa miguu minne wakabaki sawa. Watu wakasema, jibu ndilo hili!

Lakini mwaka 2005 yakachapishwa matokeo ya nyani waliotolewa tezi hiyo hiyo. Migongo yao haikupinda. Na vipimo vya melatonini kwa vijana wenye skoliosisi vimepingana.

Homoni bado ni washukiwa, tena kwa sababu nzuri. Mgongo hupinda haraka zaidi wakati unarefuka ghafla, ile miaka ya kubalehe, na mipindo mikubwa huwapata wasichana mara nyingi kuliko wavulana. Ndiyo maana estrojeni na homoni ya ukuaji bado zinachunguzwa. Jeni pia zimo: mwaka 2011 Wajapani walipata moja, LBX1, inayohusiana na hali hii. Kwa maoni yangu, ni mambo mengi yanayokutana mwili ukiwa kwenye mbio.

Begi lako linaweza kukuumiza mgongo, ndiyo. Lakini hakuna aliyethibitisha kwamba begi au mtungi huleta skoliosisi. Wala jirani yako.

Jaribu hiki, kilitoka kwa daktari Mwingereza William Adams, karne ya 19: simama miguu pamoja, inama mbele, mikono ining'inie. Mtu asimame nyuma yako aangalie. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, nenda hospitali upigwe eksirei. Usingoje umalize kurefuka. Utafiti wa Marekani wa 2013 ulionyesha mshipi mgumu wa mgongo ulisaidia asilimia 72 ya waliouvaa kuepuka mpindo wa kufikia upasuaji, dhidi ya 48 ya wasiouvaa.

Mimi nilichelewa, kwa sababu tulipoteza mwaka mzima tukitafuta wa kulaumu. Wewe una dada mdogo nyumbani? Leo jioni mwambie ainame.