Nyumba za Kahawa Zilivyowatia Hofu Wafalme

Kikombe cha kahawa ni kitu kidogo, lakini zamani kiliwakosesha wakubwa usingizi. Leo twapenda kuwaeleza sababu yake.

Asili ya mbuni ni nchi ya Uhabeshi. Katika karne ya 15 Masufi wa Yemeni walikunywa kahawa ili wakeshe katika dhikiri. Ikafika Makka, na mwaka 1511 Khair Bey, mtumishi wa sultani wa Misri, aliwaona watu wamekusanyika usiku wakiinywa, akaipiga marufuku. Amri yake haikudumu.

Kati ya karne ya 16 nyumba za kahawa zikafunguliwa Stambuli, mji mkuu wa Waturuki. Humo kadhi aliketi karibu na mchuuzi. Wengine walicheza sataranji, wengine walisomeana mashairi mapya. Lakini penye wengi pana mengi: kazi za serikali nazo zikazungumzwa. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akaamuru nyumba hizo zifungwe. Baada ya zamani zake zikastawi tena.

Desturi hiyo ikavuka bahari. Mwaka 1652 Pasqua Rosée, mtumishi wa mfanyabiashara aliyepata kukaa Smyrna katika nchi ya Waturuki, alianza kuuza kahawa London. Kwa peni moja mtu alipata kikombe, akasoma magazeti na kusikiliza wataalamu wakijadiliana. Wenye merikebu walikutana kwa Edward Lloyd, na katika mazungumzo yao ikazaliwa Lloyd's, soko kubwa la bima. Hata hivyo baraza hizo zilikuwa za wanaume. Wanawake kwa kawaida hawakuketi humo kama wateja.

Tarehe 29 Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitangaza kuzifunga, akisema kwamba humo huenezwa uongo juu ya serikali. Watu wakapiga kelele, na kabla ya siku ya kufunga kufika, mfalme akaiondoa amri yake.

Basi twaona ya kuwa wakubwa hawa hawakuogopa buni wala maji ya moto. Waliogopa watu wasiojuana kuketi pamoja na kuulizana habari. Nasi wa pwani, tuonapo watu wamelizunguka dele la muuza kahawa, twajua kwamba wamefuata mazungumzo kuliko kinywaji. Mlango waweza kufungwa kwa amri. Hamu ya kusikia neno la mwenzio haifungiki.