Hodi Isiyoitikiwa: Habari za Kisukari

Somo letu la leo ni historia ya ugonjwa wa kisukari.

Ugali na wali tulao hugeuka kuwa sukari katika damu. Sukari hiyo ni kama kuni za mwili. Lakini ili iingie kwa wingi ndani ya misuli, yahitaji kufunguliwa mlango. Kazi hiyo ni ya insulini, itengenezwayo na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula.

Mwaka 1921, katika mji wa Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walitoa insulini katika kongosho za mbwa. Tarehe 11 Januari 1922 kijana Leonard Thompson, mwenye miaka 14, alipigwa sindano ya kwanza. Haikumfaa sana. James Collip akaisafisha dawa, na sindano za tarehe 23 zikamtia nguvu. Akaishi miaka 13 zaidi.

Basi watu wengi wakaamini kwamba kila mwenye kisukari amepungukiwa na insulini. Je, ilikuwa kweli?

La. Mwaka 1936 Harold Himsworth, daktari wa London, aliwanywesha wagonjwa maji ya sukari, na papo hapo akawapiga sindano ya insulini. Kwa wengine sukari ya damu haikupanda. Kwa wengine, hasa wazee na wanene, ilipanda sana, kana kwamba hawakupigwa sindano.

Neno lake halikushikwa upesi. Mwaka 1960 Rosalyn Yalow na Solomon Berson, wa New York, walieleza njia yao ya kupima insulini katika damu, hata ikiwa kidogo mno. Wakakuta jambo la ajabu: wengi waliopata kisukari ukubwani walikuwa na insulini tele!

Kasoro, basi, i wapi? Insulini hufika kwenye chembe ya msuli na kupiga hodi. Bawabu wa chembe, aitwaye kipokezi, humpa habari mjumbe wa ndani, naye humpa mwenziwe, mpaka milango ya sukari isogezwe ukutani. Wataalamu wengi wa leo wanaona kwamba mafuta yakirundikana katika misuli na ini huwazuia wajumbe hao. Hodi hupigwa, wala hakuna asemaye karibu. Kongosho huzidi kutoa insulini miaka mingi, mwisho huchoka. Hapo sukari hujaa katika damu.

Wengine wamerithi udhaifu huu kwa wazazi. Kwa hiyo tusimcheke mgonjwa, wala tusiseme amelogwa.

Iko habari njema. Msuli ufanyao kazi huisogeza milango ile wenyewe, pasipo kungoja hodi. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa atembee, alime, na kama ni mnene apunguze uzito. Lakini asiache dawa aliyopewa na daktari.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Himsworth aliona nini mwaka 1936?
2. Kwa nini mtu mwenye insulini tele aweza kuugua kisukari?