Historia ya Makiso Isiandikwe na Wapita Njia Peke Yao

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, katika Vita vya Siku Sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani kana kwamba hakuna raia anayeishi humo. Makombora yaliangukia nyumba, shule, hospitali, hata Kanisa Kuu la Notre-Dame lililo ukingoni mwa mto, katika komini ya Makiso. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja baadaye mwaka huo kutathmini hasara ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa. Ripoti nyingine ya Umoja huohuo, iliyotolewa mwaka 2010, iliandika kwamba waliouawa ni kati ya 244 na 760. Baina ya namba hizo mbili kuna watu 516 ambao karatasi za dunia hazina hakika nao. Mitaani walikoishi shaka hiyo haipo: mjane anajua saa kombora lilipoanguka, na jirani anajua nani alichimba kaburi na wapi. Ujuzi huo ndio historia ya Makiso, na wakazi wenyewe, kwa simu walizo nazo mkononi, ndio wanaopaswa kuurekodi na kuuhifadhi wakati wenye kumbukumbu bado wako hai.

Tangu mwanzo mji huu umesimuliwa zaidi na waliopita. Henry Morton Stanley alianzisha kituo chake kwenye maporomoko ya Wagenia mwaka 1883, na vitabu vingi huanzia hapo, kana kwamba wavuvi aliowakuta hawakuwa na jana. Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa eneo hilo mwaka 1887, aliacha tawasifu kwa Kiswahili, hazina kubwa kwa lugha yetu; lakini hiyo ni sauti ya mfanyabiashara wa pembe na watumwa, si ya aliyebebeshwa pembe hizo. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta mjini humu na alikamatwa hapa baada ya ghasia za mwisho wa Oktoba 1959, lakini hukumbukwa zaidi kwa kifo chake Katanga. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliuteka mji mwezi Agosti, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishushwa na ndege za Marekani kuwaokoa Wazungu walioshikwa mateka. Masimulizi ya mateka hao yamejaa vitabuni. Ya Wakongo waliouawa na waasi kabla ya siku hiyo, na ya waliouawa mji ulipokombolewa, ni haba.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wasomi, na mwenye njaa hali historia. Mahakama ya Kimataifa ya Haki imeonyesha kinyume chake. Kongo iliidai Uganda fidia ya zaidi ya dola bilioni 11 kwa vita vya 1998 hadi 2003. Katika hukumu ya tarehe 9 Februari 2022, Mahakama iliamuru dola milioni 325 tu, nazo kwa makadirio ya jumla, kwa sababu ushahidi uliowasilishwa haukutosha kuthibitisha hasara moja baada ya nyingine. Waliopoteza miguu na watoto katika Vita vya Siku Sita walikuwa hai muda wote huo, na majirani zao pia. Kilichokosekana ni maneno yao yaliyochukuliwa mapema, kwa tarehe na mahali, yakalinganishwa na ya wengine.

Kazi ya namna hii haianzii hewani. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, chama cha watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichopigwa chapa kwa mashine, kilichokusanywa na André Yav, kusimulia historia ya mji wao kwa Kiswahili walichokisema wenyewe. Tahajia yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba mwanaanthropolojia Johannes Fabian alihitaji msaada wa msemaji wa lugha hiyo aliyekisoma kwa sauti ndipo akaweza kukihariri. Kilichapishwa upya mwaka 1990, na baadaye kikawekwa kwenye intaneti. Laiti Yav angekuwa na kinasa sauti, tungemsikia mwenyewe. Kisangani nayo imeshaanza: Dieudo Hamadi, mzaliwa wa mji huu, aliwafuata kwa kamera majeruhi wa Juni 2000 wakishuka mto hadi Kinshasa kudai haki yao, na filamu yake, *En route pour le milliard*, ikachaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kumbukumbu hudanganya. Ni kweli, mzee huweza kuchanganya mapigano ya mjini humu ya 1999 na ya 2000. Lakini nyaraka rasmi nazo, kama tulivyoona, zinapishana kwa mamia ya roho. Dawa ni kuwasikiliza watu watatu wa mtaa mmoja, kila mmoja peke yake, na kuhifadhi tofauti zao badala ya kuzifuta. Pingamizi la pili ni zito zaidi: masimulizi yanaweza kuchochea. Tangu 2023 ugomvi wa Wambole na Walengola umeua watu na kuwafukuza wengine makwao katika mkoa huuhuu wa Tshopo, na simu hubeba uchochezi kama inavyobeba ushuhuda. Kwa hiyo kuwe na masharti: msimulizi akubali kwa hiari, aweze kuficha jina lake au kuondoa maneno yake, na asitajwe mtuhumiwa kwa uvumi.

Pingamizi la tatu ni kwamba umeme hukatika, simu huibwa na mitandao hufuta. Hapo ndipo kazi ya taasisi ilipo. Rekodi iliyobaki ndani ya simu moja bado haijahifadhiwa. Nakala moja ikae maktaba ya Chuo Kikuu cha Kisangani, nyingine parokiani au msikitini, nyingine nje ya mji, zote zikiwa na jina la mtaa, tarehe na lugha, iwe Kiswahili au Lingala. Walimu wa historia wawape wanafunzi kazi hii, kila mmoja na mzee mmoja wa mtaa wake. Aliyekuwa na miaka ishirini siku Wabelgiji waliposhuka sasa amepita themanini. Vijana wa Makiso, nendeni mkamsikilize mwaka huu.