Miguu Iliyojenga Chama: Historia Fupi ya Matembezi ya Maua, 1909 Hadi Leo

Mwaka 1909, mjini Nairobi, watu wachache waliopenda ndege, vipepeo na maua walikutana wakaanzisha chama. Mji wenyewe ulikuwa mchanga, wenye umri wa miaka kumi hivi: stesheni ya reli, nyumba za mabati, maduka ya Wahindi, na kinamasi. Wakakiita Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda. Baadaye neno Uganda likaondolewa, na siku hizi wengi wanakijua kwa jina la Nature Kenya. Ndicho chama kikongwe cha kisayansi kuliko vyote Afrika Mashariki, na nasema hivyo kwa fahari ya mwanachama aliyekula chumvi nyingi ndani yake.

Naandika kwa ajili ya wanachama wenzangu, lakini zaidi kwa ndugu zangu wa Kasongo na Kabambare, huko kusini mwa Maniema, Kongo, nilikozaliwa. Kila nikirudi nyumbani huulizwa: hicho chama chenu cha kwenda kutazama maua, kinafanya nini hasa? Jibu langu ni hili: kinatembea. Mengine yote tuliyo nayo, jumba la makumbusho, vitabu, jarida, yalitoka katika kutembea.

Waanzilishi nawataja kwa heshima. Frederick Jackson, rais wa kwanza, alikuwa mtawala wa serikali ya Kiingereza, akaenda kuwa Gavana wa Uganda, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Kitabu chake kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda kilitoka mwaka 1938, yeye akiwa ameshafariki. John Ainsworth alipenda miti. Mikaratusi ya kwanza ya Nairobi, iliyopandwa ili kukausha kinamasi, inahusishwa na jina lake. C. W. Hobley aliandika bila kuchoka. Mchungaji Harry Leakey alitoka misheni ya Kabete, na mwanawe Louis, aliyekua akikimbia katika vilima vile, ndiye Leakey ambaye dunia nzima ilikuja kumjua kwa mifupa ya binadamu wa kale. Naye Kanoni Kenneth Rogers alikuwa mtu wa vipepeo.

Hawakuwa na jengo wala mshahara. Kilichowaunganisha ni desturi ya kutoka pamoja, kuokota, kuandika, kisha kurudi kuonyeshana. Mwaka 1910 toleo la kwanza la jarida likatoka. Vitu vilivyookotwa vikawa vingi, vikahitaji pa kukaa, na hivyo ndivyo makumbusho ya kwanza yalivyozaliwa, pale ilipo Nyayo House leo. Mwaka 1922 yakahamia mahali palipo sasa hoteli ya Serena. Mwaka 1930 yakafunguliwa kilimani kwa jina la Coryndon, na hapo ndipo yalipo hadi leo kama Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Mgeni anayelipa kiingilio mlangoni pale mara nyingi hajui kwamba anaingia katika nyumba iliyoanzishwa na watu wa matembezi.

Ni kweli kwamba katika miongo ile ya mwanzo wanachama walikuwa karibu wote Wazungu, na Waafrika waliojua kila mti kwa jina na kuwaongoza njia hawakuandikwa. Hayo yamepita, na chama cha leo ni cha watu wote.

Sasa nije kwenye maua, maana hapo ndipo penye utamu. Daktari Arthur Jex-Blake alihariri kitabu cha Gardening in East Africa, kilichotoka mwaka 1934, kilichoandikwa na wanachama wa Chama cha Bustani cha Kenya pamoja na mabwana shamba wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Mkewe, Lady Muriel, akafuatisha mwaka 1948 kitabu cha maua ya porini ya Kenya. Mume bustanini, mke mbugani: sijaona mgawanyo wa kazi mzuri kuliko huo. Wapenzi wa bustani na wapenzi wa pori tangu hapo wamekuwa ndugu.

Mwaka 1938 alifika makumbusho Mswisi Peter Bally, mtaalamu wa mimea, na mwaka huohuo msafara ukaenda vilima vya Chyulu. Alifuatana na mkewe Joy. Huko vilimani, kwa kutiwa moyo na mumewe, Joy akaanza kuchora maua. Alichora ua bichi, lililochumwa muda si mrefu, na kila mtu aliyewahi kuchuma ua la porini anajua maana yake: jua likipanda petali zinalegea, rangi inakufa, mkono lazima uende mbio. Mwaka 1947 alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell mjini London kwa michoro ile. Ulimwengu unamjua kama Joy Adamson, mama wa simba Elsa. Sisi tunamjua kwanza kwa maua, na naomba ikumbukwe hivyo.

Mwaka 1950 hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa Amani, katika milima ya Usambara, zama za Wajerumani mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi chini ya P. J. Greenway. Tangu siku hiyo mwanachama anayerudi na jani asilolijua ana mahali pa kuuliza.

Na matembezi yenyewe? Ukitaka kujua raha yake, twende nyanda za Athi mara baada ya mvua, kwenye udongo mweusi unaoganda viatuni. Asubuhi unaona majani mafupi yametapakaa vitu vyeupe kama karatasi zilizopeperushwa na upepo. Inama. Ni ua liitwalo Cycnium, laini, petali zake zimekunjamana kidogo, limekaa karibu kabisa na ardhi. Lifinye kidogo kwa vidole na ungoje: pale ulipofinya panageuka samawati iliyokoza, halafu peusi, kama wino. Na mizizi yake chini imejishika kwenye mizizi ya nyasi, inanyonya humo sehemu ya chakula chake. Ndiyo sababu halikubali kuhamishwa. Wenye bustani wengi wamelichimba wakalipeleka nyumbani, likafa. Ua hili halina njia nyingine: ukilitaka, lifuate lilipo.

Mahali petu pengine ni Arboreta ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ikuayo haraka, maana treni zilikula kuni. Leo ni hekta 30 hivi za kivuli, na kundi la marafiki wake lilianzishwa chini ya chama chetu mwaka 1993.

Ya karibuni nayataja kwa ufupi. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, ambayo wapenzi wa mimea nao huyafuata. Mwaka 1974 kikatoka kitabu cha Agnew cha maua ya nyanda za juu za Kenya. Toleo la pili, 1994, na la tatu, 2013, yalichapishwa na chama chenyewe. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo kule Gede. Miaka ya 1990 ikaleta jina la Nature Kenya. Mwaka 2009 tulitimiza miaka mia. Mwaka 2012 ikakamilika ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952: aina zaidi ya 12,000. Palikuwa na miaka migumu pia, ya vita na ya mifuko mitupu, lakini chama hakikufa.

Jambo moja zaidi, kwa watu wa kwetu. Majeshi ya Wabelgiji chini ya kamanda Dhanis yalipoingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, alikuwamo daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Katika kitabu chake cha 1897 aliacha ushahidi wa alichokiona: mashamba ya mpunga yasiyo na mwisho, miwa, mahindi, matunda ya kila namna, mji uliozungukwa na bustani. Baadaye Hinde alikuja Kenya kuwa mtawala, pamoja na mkewe Hildegarde, na kuna ndege wa Kenya ya kati, adimu sana leo, aliyepewa jina la Hinde huyo: Turdoides hindei. Wanachama wetu humtafuta katika vichaka vya Mukurweini. Kwa hiyo uzi kati ya bustani za Kasongo na matembezi yetu upo.

Ndugu zangu, chama hakihitaji jengo ili kianze. Kiangazi kikiisha na mvua za Septemba zikishuka, amani ikiruhusu, chagueni asubuhi moja. Watu watano wanatosha: mwalimu, mama mwenye bustani ya mboga, mzee ajuaye dawa, vijana wawili. Nendeni hadi penye nyasi upande wa Luama, chukueni daftari na kalamu, andikeni jina la kila ua kama wazee wanavyoliita kwenu, na tarehe. Kisha mtuandikie.