Mugwe, Dabela na Sheria ya Mwaka 1930: Jinsia na Kazi ya Baraka Kuzunguka Isiolo

Mji wa Isiolo umesimama mahali ambapo vilima vya Nyambene na miteremko ya Mlima Kenya hukoma na nyanda kavu za kaskazini huanza, na kwa sababu hiyo, tangu Waingereza walipoufanya makao ya utawala na kituo cha karantini, yaani mahali pa kuzuilia na kukagua mifugo kabla ya kuiruhusu kushuka kusini, umekuwa mpaka na mlango kwa wakati mmoja. Wameru wakulima huuingia kutoka kusini. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wasomali, wakiwemo wazao wa askari waliopewa makazi hapo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wameufanya kitovu cha biashara ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Na barabara ya Marsabit huendelea hadi katika nchi ya Wagabra, wafugaji wa ngamia wanaosema lugha moja na Waborana. Anayeuliza watu wanaopenda wa jinsia yao, pamoja na wale ambao maisha yao hayakuingia katika kipimo cha kawaida cha uanaume au uanamke, wamezifaa nini jamii za eneo hili, hana budi kuanza na jamii hizo zenyewe, kwa kuwa zilikuwa na fikra zake kuhusu jinsia na baraka muda mrefu kabla swali hilo halijafikishwa mbele ya majaji wa Nairobi.

Miongoni mwa Wameru cheo kikuu cha ibada kilikuwa cha Mugwe. Huyu hakuwa mtawala wala jemadari. Alikuwa mtu wa kubariki, ambaye rika, yaani kundi la vijana waliotahiriwa katika kipindi kimoja, lilimwendea kabla ya kushika madaraka, na ambaye maombi yake yalihesabiwa kuwa kinga ya watu, mifugo na mashamba. Masimulizi ya Wameru yanakiunganisha cheo hicho na kutoka kwao Mbwaa, nchi iliyozungukwa na maji ambayo wanahistoria wengi wanaihusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu, walikokuwa chini ya watu walioitwa Nguo Ntuni, wenye nguo nyekundu, mpaka kiongozi wao Koomenjoe alipowavusha maji. Bernardo Bernardi, mmisionari Mwitaliano wa shirika la Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, alimchunguza Mugwe katika kitabu alichokichapisha mwaka 1959, na jambo lililowashangaza zaidi wasomaji wake lilikuwa mkono wa kushoto. Katika jamii ambayo mkono wa kulia ndio wa heshima, Mugwe alibariki kwa wa kushoto, akaufunika kwa vazi lake ili usionekane ovyo, na iliaminika kwamba akiuinua tu maadui wangesimama pale walipo.

Mwaka uliofuata mwanaanthropolojia wa Kiingereza Rodney Needham alieleza kwamba mkono huo haukuwa ajabu ya pekee bali sehemu ya mpango mzima wa fikra za Wameru, ambamo upande wa kulia ulikwenda pamoja na wanaume na mamlaka ya wazee watawala, na upande wa kushoto ukaenda pamoja na wanawake na mamlaka ya ibada, kwa hiyo Mugwe, ingawa mwanamume, alisimama upande wa wanawake. Ufafanuzi huo umepingwa na kutetewa kwa miaka mingi, lakini kiini chake kina uzito: nguvu iliyowalinda Wameru wote haikuwekwa mikononi mwa shujaa wa mkuki, iliwekwa kwa mtu aliyetengwa na ushujaa. Waandishi wengine wameongeza kwamba Mugwe alivaa mavazi ya kike na kwamba pengine aliolewa na mwanamume, na dai hilo limerudiwa mara nyingi kuliko lilivyothibitishwa. Halipaswi kubebeshwa mzigo ambao ushahidi wake hauwezi kuubeba, wala historia ya mchango wa watu wa namna hii haihitaji kuegemea juu yake.

Wagabra wanatoa mfano ulio wazi zaidi. Kwao maisha ya mwanamume hupangwa na kizazi, yaani tabaka analoingia kufuatana na tabaka la baba yake, si kwa umri wake pekee, na tabaka hizo huvuka pamoja kutoka daraja moja hadi jingine kwa sherehe zinazochukua miaka mingi kufika. Baada ya daraja la wazee wanaoamua mambo ya siasa, huja daraja la dabela, ambao kazi yao ni sala. John C. Wood, aliyeishi na Wagabra na kuandika juu yao kitabu kilichotoka mwaka 1999, ameonyesha kwamba wanaume hawa, walio na wake, watoto na ngamia wao, huhesabiwa kuwa wanawake: hutajwa kwa viambishi vya kike katika lugha ya Kiborana, huchutama wanapojisaidia haja ndogo kama wanawake wanavyofanya, na hutarajiwa kujiepusha na ugomvi na silaha. Hakuna anayewadharau kwa hilo. Laana yao huogopwa, baraka yao hutafutwa, na katika nchi ambayo kisima kimoja kinaweza kuleta vita, kuwapo kwa wazee ambao heshima yao yote inatokana na upole ni faida inayohesabika kwa uhai wa watu.

Hapa inafaa kusema kwa uwazi kwamba dabela si mtu anayependa wanaume wenzake, na kumwita hivyo ni kumkosea yeye na kuikosea historia. Mfano wake unathibitisha jambo jingine, nalo ni kwamba baadhi ya jamii za wafugaji na wakulima zilizokutana sokoni Isiolo hazikuamini kwamba mwanamume anayetoka katika uanaume wa kawaida amekuwa hasara kwa ukoo. Zilijua kazi ambazo mtu wa namna hiyo alizifanya vizuri kuliko mwingine yeyote, na zikampa. Fikra kama hiyo inaonekana katika ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, inayojulikana kwa Wanandi, Wakamba, Wakisii na Wakuria, ambapo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humlipia mwanamke mwenziwe mahari na kuwa mume wake kisheria ili nyumba yake isife. Ndoa hiyo nayo huelezwa kwa kawaida kuwa ya urithi na si ya mapenzi, na Mahakama Kuu ya Mombasa iliikubali mwaka 2011 katika shauri la mirathi.

Sheria inayowatia watu hatiani kwa mapenzi ya jinsia moja ilikuja kwa njia nyingine kabisa. Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, iliyotungwa na Waingereza kwa ajili ya koloni lao la huko, ilianza kutumiwa Afrika Mashariki mwaka 1897, na mwaka 1930 Kenya ikapewa kanuni yake iliyofuata ile ya Queensland, Australia. Vifungu vya 162 na 165, ambavyo vingalimo katika sheria za nchi, vinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile na hadi miaka 5 kwa vitendo vya aibu baina ya wanaume. Wakati huohuo serikali ya kikoloni iliona afadhali kufanya kazi na Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru, na misheni za Kikristo zikawavuta vijana, hata Bernardi akamwita Mugwe, katika jina la kitabu chake, nabii anayefifia. Na Waborana wa Waso, bonde la mto Ewaso Nyiro, wakaingia katika Uislamu kwa wingi katika karne hiyohiyo. Dini hizo mbili zimekuwa za wenyeji kwa haki, na wafuasi wake wana hoja zao za imani. Hata hivyo anayesema kwamba Kanuni ya Adhabu inalinda desturi za Kiafrika anazungumzia maandishi ambayo wazee wa Nyambene na wa Chalbi, jangwa la Wagabra, hawakuyatunga wala hawakuulizwa.

Ndani ya kivuli cha sheria hiyo, Wakenya wanaopenda wa jinsia yao wamefanya kazi ambazo nchi nzima inazitumia. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru aliyepata Tuzo ya Caine ya uandishi wa Kiafrika mwaka 2002, aliitumia sifa yake kuanzisha jarida la Kwani? mwaka 2003, na katika jarida hilo ilitokea hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyoshinda tuzo hiyohiyo, mwandishi ambaye baadaye aliipa Kenya riwaya ya Dust, ambayo sehemu yake kubwa imewekwa katika nchi kavu ya kaskazini iliyokuwa imesahauliwa na fasihi. Wainaina alitangaza mwaka 2014 kwamba yeye ni shoga, na alipofariki mwaka 2019 kizazi kizima cha waandishi kilikiri deni lake. Katika afya, wanaume waliojitokeza kwa watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, huko Mtwapa tangu mwaka 2005, waliwezesha mipango ya taifa ya kuzuia virusi vya UKIMWI kujengwa juu ya ushahidi, ingawa mwaka 2010 kliniki ya utafiti huo ilivamiwa na umati. Katika sheria, shauri la wanaume waliotuhumiwa mapenzi ya jinsia moja liliifanya Mahakama ya Rufaa mwaka 2018 ikataze watuhumiwa kupimwa kwa nguvu sehemu za haja kubwa, na shauri lililoamuliwa na Mahakama ya Juu mwezi Februari 2023, kwa majaji 3 dhidi ya 2, lilithibitisha kwamba haki ya kuunda chama ni ya kila mtu. Hukumu hizo mbili zinamlinda pia mfugaji wa Garba Tulla katika kaunti ya Isiolo ambaye hajawahi kusikia majina ya waliofungua mashauri hayo.

Mugwe hana tena nafasi aliyokuwa nayo, na walio na kumbukumbu ya kazi yake wanazidi kupungua. Vyuo vya kaskazini, walimu wa historia wa Isiolo na Meru, na vijana wanaosema Kimeru na Kiborana wanaombwa wakae na wazee hao sasa, wawaulize bila haya nani alibariki, nani alipatanisha, nani aliishi peke yake na kwa nini aliheshimiwa, kisha wayaandike majibu kama yalivyotolewa, hata pale ambapo hayampendezi msomaji wa leo.