Nani Anakuzwa Bure? Historia ya Ubishi wa Majina Makubwa, Bukoba Hadi Muleba

Ingia kibanda umiza chochote Muleba mjini siku ya mechi, au simama kijiwe cha bodaboda karibu na stendi ya Bukoba. Kabla mpira haujaanza, ubishi umeshaanza. "Huyo mnamkuza bure." "Huyo mchezaji wa Instagram." "Hilo garasa, mmepigwa!" Majina hubadilika kila dirisha la usajili, ila kesi ni ile ile: nani ana jina kubwa kuliko mguu wake?

Kesi hii ni ya zamani kuliko simu janja. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni safari ya zaidi ya kilomita 1,400. Kwa miaka mingi sifa za mchezaji zilitangulia kufika, mwenyewe akafuata baadaye, au asifike kabisa. Redio ilisema fulani ni hatari, gazeti likaja kurudia, na mtu wa Kamachumu akamshangilia mchezaji ambaye hajawahi kumuona akigusa mpira. Ndiyo hivyo, jina lilisafiri peke yake.

Halafu hapa ni Uhayani, kwenye utani wa sifa. Nchi nzima inawatania Wahaya kwa kujisifu, na neno "nshomile" limeshakuwa la Watanzania wote. Wanaocheka wanasahau kitu kimoja: zamani sifa zilikuwa na utaratibu. Katika falme za Wahaya, ikiwemo Ihangiro ambayo leo iko Muleba, shujaa alitamba kwa majigambo yaitwayo ebyebugo mbele ya Mukama. Alijisifu hadharani, kwa matendo yake. Ukijisifu mbele ya watu wanaoijua vita yenyewe, lazima uwe na kitu cha kuonyesha.

Kwenye mpira, baraza hilo likawa Kaitaba.

Wanankurukumbi wanaingia

Kagera Sugar ni timu ya kiwanda cha sukari cha Misenyi, eneo lililoonja vita ya Idi Amin mwaka 1978. Ilipokaa Ligi Kuu, Uwanja wa Kaitaba, kando ya Ziwa Victoria, ukawa mahali pa kuhakiki majina. Simba, Yanga na Azam zilitua na nyota wao. Watu wakatoka Muleba kwa Hiace kwenda kuangalia kwa macho yao. Dakika 90 tu, na ubishi wa mwaka mzima unapata majibu. Au unaanza upya.

Tarehe 2 Aprili 2017 Simba walikuja wakiwa kwenye mbio za ubingwa. Wakafa 2-1. Kilichofuata kila mtu anakikumbuka: madai ya kadi tatu za njano za beki mmoja wa Kagera Sugar, kamati ikawapa Simba pointi tatu za mezani, kisha uamuzi huo ukatenguliwa. Mwisho wa msimu Yanga na Simba wakalingana pointi, 68 kwa 68, na Yanga wakabeba kombe kwa tofauti ya mabao. Yaani timu ambayo vijiwe vya Dar vilikuwa vikiihesabu kama pointi za bure ndiyo iliyogusa ubingwa wa nchi.

Kipa "aliyekwisha"

Ila kisa kikubwa zaidi kilitokea mbali na Kaitaba. Tarehe 19 Mei 2018, Uwanja wa Taifa, Dar. Simba tayari ni bingwa, haijafungwa mechi hata moja ya ligi msimu ule, na Rais John Magufuli yupo uwanjani kukabidhi kombe. Sherehe imeandaliwa. Kagera Sugar wamealikwa kama wapiga makofi.

Golini kwa Kagera alikuwepo Juma Kaseja. Huyu ndiye kipimo kizuri cha mada yetu. Aliwahi kuitwa Tanzania One, hakuna aliyemgusa. Mwaka 2013 Simba wakaachana naye. Akaenda Yanga, na Desemba mwaka huo huo Simba wakaipiga Yanga 3-1 kwenye Nani Mtani Jembe, lawama zikamwangukia yeye. Vijiwe vikatoa hukumu: alikuwa anabebwa na jina, sasa amekwisha. Akapita Mbeya City, akatua Kagera Sugar. Kwa wengi wa Dar, kipa kwenda Bukoba ilikuwa kama kwenda kustaafu.

Siku ile, dakika za mwisho, Edward Christopher, kijana aliyewahi kuwa wa Simba, akaifungia Kagera Sugar bao. Simba wakapata penalti. Mpigaji ni Emmanuel Okwi, mfungaji bora wa msimu kwa mabao 20. Kaseja akaicheza. 1-0, rekodi ya kutofungwa ikazikwa mbele ya Rais.

Vijiwe vya Bukoba havikulala. Okwi akaitwa mchezaji wa kukuzwa. Simba nzima ikaitwa timu ya kukuzwa. Hata Magufuli hakuficha: mpira alioutazama haukumpa matumaini ya kombe la Afrika.

Hapo ndipo pa kutulia. Je, walikuwa sahihi? Msimu uliofuata Simba hiyo hiyo iliifunga Al Ahly na kufika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Na Okwi aliyekosa penalti moja bado ndiye aliyefunga mabao 20. Kaseja naye, akiwa na miaka 34, akarudishwa Taifa Stars. Agosti 2019 jijini Nairobi, kufuzu CHAN, akaokoa penalti Kenya wakatolewa. Mwezi uliofuata Burundi nao wakaondoka kwa mikwaju 3-0 Dar es Salaam.

Kwa hiyo yule aliyesemwa anakuzwa na yule aliyesemwa amekwisha wote walihukumiwa kwa kosa moja: mchezo mmoja ukageuzwa kuwa maisha yote.

Hata Marekani wanakosea

Huko kwenye mpira wao wa mikono wana wapelelezi, saa za kupima mbio na mabilioni ya kupoteza. Bado mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199, akaja kushinda Super Bowl mara saba. Mwaka 2007 JaMarcus Russell alichaguliwa wa kwanza kabisa, na baada ya misimu mitatu timu yake ikamwacha. Kama wenye vipimo vyote wanapigwa, kijiwe kina uhakika gani?

Na kijiwe kinauma. Mchezaji wa Ligi Kuu mara nyingi anaishi kwa mkataba mfupi. Neno "garasa" likishasambaa, kocha mwingine analisikia kabla hajamuona mtu. Kuna mshambuliaji kijana aliyekosa nafasi Simba, akang'ara Kagera Sugar, akachukuliwa na Azam mwaka 2017, kisha majeraha yakamsimamisha. Mitandao haikuuliza habari za majeraha. Ilisema tu: alikuwa anakuzwa.

Mwaka 2025 zamu ikafika nyumbani. Baada ya zaidi ya miaka 15 Ligi Kuu, Kagera Sugar ikashuka daraja. Timu iliyokuwa ikiwavua nguo wenye majina makubwa ikasemwa maneno yale yale: ilikuwa inakuzwa. Aliyeiona siku ya Kaseja anajua si kweli. Aliyeitazama msimu wa mwisho anajua haikudhulumiwa.

Hasara kubwa iko jukwaani. Kushuka kwa Wanankurukumbi kuliwaondolea watu wa Muleba ile safari ya Hiace kwenda kumpima nyota wa Simba au Yanga kwa macho. Jina limerudi kusafiri peke yake, safari hii kwa bando.

Haya, kabla hujamwita mtu garasa: umemuona mechi ngapi, dakika zote 90?